Alama ya Njano

9 Machi

Mdogo wangu,

Jana Jumapili, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, nimepoteza amana yote ya kupangia chumba cha duka letu kwenye poka ya mtandaoni. Nimeanza na hilo, salamu zisije zikalifunika. Sasa, hujambo? Kikohozi kimekuacha? Mama mzima, goti tu ndilo linalomnunia kila asubuhi.

Aliyeninyoa anajiita Mundu. Programu yetu ya takwimu ina mikono yake elfu mbili, yaani raundi alizogawiwa karata. Katika kila mikono mia anacheza kumi na minne tu, na ukimwekea dau kubwa karata ya mwisho ikishafunguka, mara saba kati ya kumi anatupa zake. Mwoga huyo, ndiyo maana nilimwekea alama ya kijivu: "piga mkwara", mtishe kwa dau hata ukiwa na karata mbovu. Jana nimempiga mkwara mara tatu, na mara tatu amelipa kuona karata zangu. Ile ya mwisho alikuwa na nne mbili tu mkononi. Nne mbili! Hata mama angezitupa, naye hajui poka.

Meza ile uliniitia wewe: "Dada, Jumapili njoo, kuna walegevu." Niambie unachojua.

Dada yako

13 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikasukuma sahani pembeni. Kikohozi kimepungua, ingawa huku kwenye kibanda cha kutengeneza simu tunavuta moshi wa kuchomea nyaya mchana kutwa. Mwambie mama goti linataka kazi, si dawa. Namtania.

Ila dada, si wewe uliyenifundisha kwamba mara tatu si hesabu? Ulinikataza kumwekea mtu alama kabla sijaona mikono yake mia. Mwoga naye ana siku yake ya wazimu, na siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Pumzika kwanza.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amecheka utani wa goti. Mimi sikucheka.

Kweli, mara tatu si hesabu, basi nimeongeza hesabu. Wiki nzima nimekaa na Mundu kwenye meza za senti, za dau dogo. Unaijua kasoro yangu, maana uliiona mwenyewe ukiwa umeketi pembeni ya cherehani yangu: nikiwa na karata nzuri naandika dau lililokaa sawa, mia tano, nikipiga mkwara naandika lililovunjika, mia nne sabini na tatu, lionekane limepigiwa mahesabu. Nimeigeuza. Mara kumi na moja nimepata karata nzuri nikaweka dau lililovunjika. Mara zote kumi na moja amelipa. Mara tisa nimepiga mkwara kwa dau lililokaa sawa; mara zote tisa ametupa. Huyu hasomi karata, ananisoma mimi. Na kasoro ile haijui mtu mwingine chini ya jua ila wewe.

Mundu ni nani?

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Mundu ni mwenzangu wa chumba, yule mpiga rangi magari. Mwezi wa kwanza kodi iliponishinda alinilipia, nami nikampa nakala ya alama zangu zote, za wachezaji mia tatu. Na wewe umo. Tulipokuwa tukifanya mazoezi meza moja, programu ilikurekodi kama inavyomrekodi yeyote, nami nikakuwekea njano na maneno: "Dau likivunjika, anadanganya. Mlipe." Ulikuwa utani wa nyumbani. Nilisahau kuufuta. Nisamehe, dada yangu. Msalimie mama.

Mdogo wako

31 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, anauliza utakuja lini, nikamwambia anayejua ni wewe.

Njano nilikufundisha mimi. Ni rangi ya mtu wa kuliwa. Nimekusamehe kusahau, maana na mimi niliwahi kumkabidhi mteja suruali yake na pini ndani, akaketi nayo ofisini. Lakini umejibu nililouliza, ukaliruka lililobaki. Nakala ulimpa mwezi wa kwanza. Mezani uliniita mwezi wa tatu, siku mbili baada ya mimi kukuandikia kwa furaha kwamba amana imetimia. Kusahau nakuelewa. Kuniita je?

Nimepata chumba kingine, kidogo, kisichotaka amana, nyuma ya kinyozi. Chini ya dirisha meza yako ya simu inaenea, kama tulivyopanga. Mchora vibao anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 10, saa nne asubuhi. Ataandika "Dada na Kaka: Nguo na Simu", au ataandika "Nguo" basi. Rangi ameshanunua, anangoja maneno.

Pesa sikudai. Nataka neno moja. Uliposema "Jumapili njoo", ulijua Mundu atakuwa amekaa pale? Ukisema ndiyo, tutagombana mpaka kinyozi asimamishe mkasi, kisha utaketi chini ya dirisha lako. Ndiyo naiweza. Dau lililovunjika tena kutoka kwako siliwezi, na kimya usijaribu: unajua mchezaji muda ukimwishia hajajibu, mashine humtupia karata zake.

Ijumaa, saa nne asubuhi. Ulijua, au hukujua?

Dada yako