Shukrani Iliyofungiwa Kwenye Droo

Mama mshauri mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaniona nimechanganyikiwa, maana hata mwenyewe nimeshaanza kujiuliza.

Mimi ni katibu wa kanisa, huu mwaka wa tisa, nina ofisi ndogo nyuma ya madhabahu yenye kompyuta, printa inayokwama na dirisha linalotazama tangi la maji. Mlangoni mwa kanisa kuna sanduku la mbao ambamo waumini hutumbukiza karatasi za shukrani, ufunguo wake ninao mimi peke yangu, kila Jumamosi asubuhi nalifungua, nachapa yaliyoandikwa, na Jumapili yanaonyeshwa kwenye skrini, mchungaji anasoma na watu wanaitikia amina. Miandiko ya watu naijua, wa mzee wa kanisa unaopanda mlima, wa muuza dawa ambao hata yeye mwenyewe hausomi, nikitupa jicho tu najua nani kapona na nani kapata kazi.

Mwaka jana ilianza kuja karatasi ya penseli isiyo na jina. Ya kwanza ilisema, "Namshukuru Mungu kwa kumshusha fundi umeme wetu salama kutoka kwenye ngazi." Fundi umeme alikuwa amekaa kwenye kwaya, mzima wa afya, watu wakacheka, yeye akasimama akapunga mkono, na Jumatano yake ngazi ikavunjika akiwa anafunga feni ya kanisa, akaangukia mazulia yaliyokunjwa na akainuka na mchubuko wa kiwiko tu. Ya pili ilishukuru kwamba mke wa mpiga kinanda amejifungua salama, na yule dada alinijia juu ofisini kwamba namzushia mimba, nikaomba radhi, baada ya wiki mbili akarudi kimya kimya kuniambia kumbe anayo, na mtoto alizaliwa salama kama ilivyoandikwa. Hapo watu waliacha kucheka.

Ya tatu ilikuja wiki kumi na moja zilizopita. "Namshukuru Mungu kwa kumpumzisha mama yake katibu wetu, siku ya Jumapili, mchana, bila maumivu."

Mama yangu asubuhi hiyo alikuwa jikoni ananigombeza kwa kuunguza sufuria. Tunaishi wawili tu, ndiye aliyenifundisha herufi kwenye meza hiyo hiyo ya jikoni kabla sijaanza shule, na ndiye ambaye hushukuru kwa chakula hata jiko halijawashwa, ukimuuliza anakujibu, "Nikishukuru baada ya kushiba, hiyo ni risiti, si imani." Kwa hiyo karatasi sikuichapa, niliifungia kwenye droo chini ya stepla, na Jumatatu mama akaanguka bafuni kwa kiharusi, na hospitali baada ya siku kumi wakaniambia nimpeleke nyumbani, zimebaki siku chache.

Siku chache hizo hazijaisha. Hali, halali, hafi. Mkono wa kulia umekufa kabisa, nikimgeuza analia, na kila Jumapili nikirudi kanisani ananiuliza kwa ule ulimi mzito, "Wameshasoma?" Mimi najifanya anauliza habari za Biblia, namjibu ndiyo mama, wamesoma, naye anageuza macho ukutani.

Na kila Jumamosi karatasi ile ile imo sandukuni, maneno yale yale. Nilibadilisha kufuli, ikaja. Niliziba tundu kwa utepe, ikaja, na utepe haujaguswa. Nikamdanganya mchungaji kwamba sanduku limeliwa na mchwa, nikalibeba ofisini, sasa wiki ya nne hakuna shukrani ya mtu yeyote inayosomwa kanisani kwetu, na karatasi bado inakuja, ila penseli inafifia, ya juzi nimeisoma kwa kuiinua dirishani. Mama mshauri, naogopa. Nikiisoma, si nitakuwa nimemuua mama yangu? Nikizichoma zote, ataishi?

Ni mimi, Mtunza Ufunguo

JIBU

Pole sana, mwanangu. Kumwuguza mzazi peke yako ni kazi inayomaliza mtu, na nimekuonea huruma. Sasa kaa chini, maana nitakugombeza.

Umenieleza mwandiko wa mzee wa kanisa na wa muuza dawa, watu ambao sina haja nao. Mwandiko wa penseli umeupita kwa mbali. Katibu wa miaka tisa! Unaujua, tena uliujua kabla ya kujua kusoma, kwenye meza ya jikoni. Ndiyo maana uliificha ile karatasi mbiombio hivyo.

Hakuna aliyetabiri kitu. Mama yako aliona ngazi inatikisika akamwombea fundi kwa namna anayoijua yeye, kwa kushukuru mapema. Na mimba, mwanamke wa umri wake huiona usoni kabla mwenyewe hajaijua. Ile ya tatu nayo ni ombi lake, alilolitumbukiza kwa mkono wake akiwa bado anatembea. Alihisi mwili unamwambia nini, akaomba apumzike mchana bila maumivu, na kanisa lake liitikie amina. Wewe ukalikalia. Ukawafungia na majirani zako shukrani zao.

Huna uwezo wa kumuua kwa kusoma, wala wa kumponya kwa kiberiti. Uhai wake haumo kwenye droo yako. Unachokizuia ni neno moja tu, kwamba umemkubalia.

Utaniuliza mtu aliyepooza anaandikaje, na karatasi inapitaje kwenye utepe. Sijui. Sitajifanya najua.

Rudisha sanduku mlangoni kesho asubuhi. Ufunguo mpe mzee wa kanisa. Mwambie mchungaji ukweli wote, na aisome karatasi Jumapili hii. Mwombe daktari dawa ya maumivu, kwa sababu hakuna imani inayokataza dawa. Na wewe usiende ibadani. Mwogeshe mama, mbadilishie shuka, mshike ule mkono unaohisi, na akikuuliza kama wamesoma, mjibu kweli.

Nikuambie na hili, ingawa mhariri alitaka niliache. Bahasha yako ilifika imefungwa vizuri kwa gundi, nikaikata mwenyewe kwa mkasi. Nilipoisoma barua mara ya kwanza nilikusudia kukujibu kwa mistari mitatu, uzichome karatasi hizo ukapumzike. Halafu nikakuta ndani, nyuma ya ukurasa wa pili, kikaratasi cha penseli ambacho wewe hukukitaja. Imenibidi nikiinue dirishani.

Kinasema, "Namshukuru Mungu kwa mshauri aliyemwambia binti yangu aniache niende."

Basi, mwanangu, nimekuambia.