Ofisi Imehamia Kibarazani Kwangu

Mpendwa Bi Mwamvua,

Naomba kwanza uniwie radhi kwa kimya cha miaka minne, kwani ulinipatanisha na mkwe wangu nami sikurudi hata kushukuru. Leo naomba msaada mwingine.

Mimi ni afisa wa ardhi, nimebakiza miaka miwili kustaafu, na tangu ofisi yetu ya mjini ituruhusu kufanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, nimekuwa nikifungua kompyuta kibarazani, hapa Maji ya Chai, nikidhani nitapata utulivu, kumbe majirani wameniona, na kila asubuhi wanakuja na karatasi zao za viwanja, nami siwezi kumwambia mtu aliyebisha hodi kwangu asubiri dirishani kama kule ofisini, kwa hiyo anakaribishwa chai, mke wangu Nashipae anamchomea ndizi, na akiondoka ameacha kitu.

Juzi Mzee Lemburis, ambaye jalada la mpaka wake liko kwangu, alikuja na jogoo.

"Shikamoo, mzee. Hiyo ni rushwa."

"Marahaba. Rushwa ni ya ofisini, Sumari. Hapa nimekuja kwa mtoto wa jirani yangu. Nije mikono mitupu?"

"Niko kazini, mzee."

"Kazini na ndala?" Akacheka, akamkabidhi Nashipae jogoo.

Miaka thelathini sijapokea hata soda. Nikimrudisha jogoo nimemdharau mzee, nikimla nimejiharibia jina. Tena nakiri kwamba nimefurahi, kwa kuwa kibarazani nimeielewa migogoro ambayo dirishani sikuielewa kamwe. Ijumaa najaza fomu: nibaki nyumbani au nirudi ofisini siku zote? Nikishaamua, nitakuandikia.

Sumari

Ndugu Sumari,

Pole, ingawa nimecheka. Mzee Lemburis hana kosa. Wewe ndiye uliyegeuza kibaraza kuwa ofisi, kisha unashangaa watu wakikiona bado ni nyumba!

Jogoo arudi leo, kabla Nashipae hajachemsha maji. Mpeleke mwenyewe, umevaa viatu. Keti, kunywa chai ya mzee, umwombe akutunzie huyo jogoo mpaka ustaafu, mje mmle pamoja. Jalada lake mkabidhi mwenzako, maana wewe umekwisha kuwa mtoto wa jirani.

Fomu usiijaze kabla ya kumwona mkuu wako. Mwombe siku moja kwa wiki uketi ofisi ya kata, uwe na meza na benchi, uwasikilize watu kama ulivyowasikiliza kibarazani. Kazi za makaratasi zifanyie chumbani, mlango umefungwa. Wakibisha hodi, Nashipae awaambie, "Karibuni chai. Ardhi ni Jumatano."

Na barua uliyoahidi naisubiri. Miaka minne mingine sina.

Bi Mwamvua