Chupa Alizorithi Somoe

Mama Zuhura,

Tangu tukuzike, mikorosho imetoa maua na nyumba imekuwa kimya. Nisingekusumbua kwa hayo. Ninakuandikia kwa sababu ya mdogo wako, Somoe.

Siku ya kuondoa matanga wanawake waligawana vitu vyako ndani, nasi wanaume tukakaa nje, kama desturi inavyotaka. Somoe alipewa kanga zako, sufuria kubwa, na zile chupa mbili zilizobaki za dawa ya uyoga uliyonunua kwa mchuuzi wa Newala. Hazikuwa zimefunguliwa. Hakuna aliyeona ubaya.

Unakumbuka ulivyoisifu dawa ile? Ulisema, "Vidonge vya hospitali vinanilaza, hii inaniamsha." Nami nilifurahi kukuona umesimama tena jikoni.

Baada ya mazishi nilimwuliza daktari wa Masasi. Alinieleza kuwa uyoga ule una kitu kinachoamsha kinga, yaani askari wa mwili. Mtu mwenye afya huenda asidhurike. Lakini ugonjwa wako ulikuwa ni askari haohao kumgeukia mwenye mwili, na vidonge ulipewa ili viwatulize. Ulikuwa unawalaza na kuwaamsha siku hiyohiyo. Hakuthubutu kusema kwamba uyoga ndio uliokuua. Wala hakukana.

Somoe ana ugonjwa huohuo. Anameza vidonge vilevile.

Leo mchana nilikwenda kwake Makote. Chupa moja ilikuwa dirishani, tupu. Nilimweleza yote, naye akanicheka kwa upole: "Shemeji, uyoga tumeokota na mama tangu utotoni. Leo umekuwa sumu?" Nikamwomba chupa ya pili. Akakataa. Kurudisha kitu cha marehemu, alisema, ni kumkataa marehemu. Alipogeukia mwangani nikaona vidole vimevimba, na mashavuni ule upele ulioanza kwako, umetanda kama mabawa ya kipepeo.

Yeye hauoni. Anasema amepata nguvu.

Gari la Masasi lilikuwa limekwisha kuondoka. Mke wangu, wewe ndiwe Somoe aliyekuwa akikusikiliza. Mimi ni shemeji tu. Hata hivyo nakuahidi: kesho alfajiri mimi na binti yetu tutamfuata, tumpeleke hospitali, akitaka asitake.

Pumzika. Nisaidie kwa hili moja tu: akibisha hodi huko kabla hatujamfikia, usimwitikie.

Baba Zuhura