Bisibisi ya Baba na Gari la Chaji

Newala, 4 Mei 2024

Baba shikamoo,

Habari za huko, na kifua kinaendeleaje? Sisi huku wazima, ila maji ndiyo yale yale ya kununua kwa dumu. Simu yako uliyosema ni mbovu bado haipokelewi, kwa hiyo naandika kama ulivyotaka. Barua ataileta konda wa basi.

Baba, nimepata gari! Jipu kubwa la kifahari, limetumika kidogo, la Bwana Humphrey wa halmashauri anayehamia Moshi. Viti vya ngozi, na linakwenda kwa petroli na umeme. Unalichomeka ukutani kama simu, na chaji hiyo inanitoa nyumbani Kitangari hadi duka langu la dawa Newala na kunirudisha. Nitaliendesha kila siku. Lakini akiba yangu yote inaishia hapo, na silipi mpaka wewe, fundi uliyetengeneza malori Ndanda miaka thelathini, useme ndiyo.

Mwanao,
Winfrida

Lupaso, 11 Mei 2024

Mwanangu Winfrida,

Marahaba. Mimi sijambo, kifua kimetulia, mbaazi zimechanua vizuri.

Gari la kuchomeka ukutani! Haya, lilete nilione. Unaijua kazi yangu: ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni. Injini haijawahi kunidanganya.

Baba yako

Lupaso, 19 Mei 2024

Mwanangu,

Natumai wewe na Bwana Humphrey mlifika salama. Tangu jana namsimulia kila apitaye. Lile gari, Winfrida! Limepanda kilima chetu kama limebebwa. Vile viti niliona aibu kuvikalia na suruali ya shamba. Na injini nimeipima kila upande: imetulia, haina hata mkwaruzo. Sijapata kukutana na injini kama ile. Lipa, mwanangu. Nakupa neno langu.

Baba yako

Newala, 26 Mei 2024

Baba shikamoo,

Hujambo? Huku tu wazima.

Sijalipa, na sijui nianzeje. Bwana Humphrey ameniambia kwamba siku ile, tangu tulipoingia Lupaso hadi tunatoka, gari lilikuwa linatumia umeme tu. Ulipoweka bisibisi, injini ilikuwa imezimika. Nikakumbuka nilivyopiga honi mara tatu, nawe umekaa barazani unatazama mbaazi zako.

Baba, simu yako ni mbovu kweli? Nijibu tafadhali. Sijakasirika.

Mwanao,
Winfrida

Lupaso, 30 Juni 2024

Mwanangu Winfrida,

Marahaba. Afya si mbaya. Nisamehe kwa mwezi mzima wa kimya, kalamu ilikuwa nzito.

Simu ni nzima. Masikio ndiyo yamekufa, huu mwaka wa pili. Shikamoo yako naiona midomoni tu, ndipo naitika. Niliona aibu, maana fundi asiyesikia ni fundi gani? Nilikuta mpini hautetemeki mkononi, nikadhani ni uzuri wa injini, na ningekumalizia akiba yako. Neno langu lile nalirudisha. Usilipe.

Ila kuna jambo. Juzi niliuma mpini wa bisibisi, ncha nikaiweka kwenye mashine ya kusaga ya jirani yetu Awadhi. Nikaisikia, mwanangu! Sauti inapita kwenye meno. Machozi yalinitoka mbele ya akina mama wenye mahindi yao. Lilete tena gari, na safari hii injini iwashwe.

Baba yako

Lupaso, 25 Agosti 2024

Mwanangu,

Natumai gari halijambo nawe hujambo. Ile rola ya mkanda wa injini iliyokuwa ikikwaruza, niliyoikamata kwa meno ulipolileta tena gari, Bwana Humphrey amefanya vizuri kuibadilisha kabla hujalipa. Sasa ndiyo nasema kwa kinywa kipana: ni gari zuri kuliko yote niliyowahi kuyagusa. Na daktari wa Ndanda uliyenipeleka kwake kwa gari hilo alicheka sana kusikia habari ya bisibisi, maana naye alinipima kwa chuma chake kinachovuma, akakiweka mfupani nyuma ya sikio. Kifaa cha kusikia alichonipa nakivaa hadi kanisani.

Watu wanasema gari lako halina sauti. Si kweli. Jumapili iliyopita nilikuwa napalilia, nimeupa uwanja mgongo, nikasikia matairi yakisaga mchanga. Nikasikia mlango. Halafu ukasema shikamoo kwa sauti ya chini, ukinijaribu.

Niliitika kabla sijageuka. Niliona ulivyolia, nami nilikuwa nalia.

Baba yako,
fundi