Mbuzi wa Filamu Aliliwa Kweli

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kikima tuko salama, mbaazi zimekomaa. Unauliza kama umwamini produsa anayesema filamu yenu ya mapenzi na vichekesho imeleta hasara na hamna malipo, ilhali ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama. Usimwamini hata kidogo!

Nikiwa msichana niliigiza bibi harusi kwenye filamu kama hiyo. Wakaleta mbuzi wa ntheo, yule wa kuposa, na wazee wetu wakamla kweli. Kwetu mbuzi huyo akiliwa, umeolewa. Filamu ilipoonyeshwa Kibwezi, watu walilipa kiingilio hadi viti vikaisha, lakini sisi tukaambiwa gharama zimemeza kila kitu. Gharama gani? Kijiji kizima kiliniita mke wa yule mwigizaji aliyekuwa bwana harusi, na wachumba wakanipita miaka mingi. Mwambie produsa wako kwamba susu, bibi yako, anauliza: hiyo gharama yangu nani aliihesabu?

Ni mimi, susu yako