Kamba Chini ya Mlingoti

Jumatano, 13 Machi 1996
Ukungu, siku ya nne. Nyuzi sita chini ya sifuri. Mitambo ya matangazo haina hitilafu. Barafu kwenye mlingoti wa antena ni nene kama nusu mita, juu kabisa ya mlango wa hoteli.
Meneja Vondrouš anapanga meza za watu arobaini. Jumamosi, saa sita, harusi – ya binti yangu Radka! Niliwaambia mwezi Machi huku juu mlimani si wa shela. Lakini mtoto anazaliwa Agosti, na Mei hakuna anayeoa, eti harusi ya Mei huzaa jeneza. Mjini kuna ukumbi mzuri. Luboš, mchumba wake, anataka hapa mnarani. Haya.

Alhamisi, 14 Machi
Sifuri. Saa nne na dakika kumi kipande kikubwa kama mlango kimeanguka, kimepasua benchi vipande viwili. Nimefunga kamba nyekundu kukatiza njia ya mlangoni, kutoka nguzo hadi nguzo. Kwa kanuni, ikishafungwa hapiti mtu, na anayeamua ni msimamizi wa zamu. Yaani mimi.
Saa tano kamba haipo! Nimeikuta mezani kwangu, imekunjwa kama kitambaa cha mkono. Vondrouš kasema inatisha wateja. "Wewe rusha picha zako, Bwana mhandisi, mimi niuze bia." Anajua mimi si mhandisi. Na hicho kipande kingempata mteja wake kichwani, angemuuzia bia gani?
Nimeifunga tena. Mafundo matatu.

Ijumaa, 15 Machi
Nimempigia simu Radka: hamishieni harusi mjini. Kaanza kulia. Akasema huko chini jua linawaka, hakuna hata chembe ya barafu. Kisha akasema: Baba, humtaki Luboš, ndiyo maana.
Simtaki, kweli. Anauza matairi, anacheka kabla mtu hajamaliza sentensi, ananiita "mzee wa antena". Lakini barafu haimjui Luboš!
Vondrouš naye kawapigia baada yangu. Kawaambia njooni, mzee atalainika akiona shela.
Sijalala vizuri. Hasira imenikaa kifuani kama mfupa.

Jumamosi, 16 Machi
Nyuzi mbili juu ya sifuri. Ukungu umeondoka, jua kali. Hali mbaya kuliko zote: barafu inaachia.
Saa tano na nusu wamefika kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya, watu thelathini na kitu, na kinanda cha akodioni. Radka kavaa mabuti ya manyoya chini ya gauni. Nimesimama kwenye kamba na suti yangu, nimeinua mikono yote miwili. Rudini!
Luboš kapiga kelele ya furaha. Kadhani ni ile kamba ya harusi, ambayo majirani hufunga njiani mpaka bwana harusi aikomboe kwa pombe! Katoa chupa kotini, kanimiminia glasi. "Baba mkwe, kumbe na wewe una utani!" Nimemwaga thelujini. Wakashangilia. Mjomba wake kasema, mzee anauza ghali, ongeza chupa! Kila nikifoka wanacheka zaidi. Nimewaonyesha mlingoti kwa kidole. Wakaupungia glasi.
Radka peke yake hakucheka. Alikuja hadi kwenye kamba.
"Baba, niapie si kwa sababu yake."
Nilichelewa kujibu. Sekunde mbili, tatu. Kisha nikaapa. Kaniangalia sana, kageuka, kamwambia Luboš anyamazishe akodioni: "Babangu hachezi." Akaketi juu ya kreti ya bia, shela magotini. Wengine wakaweka glasi thelujini.
Sasa ni saa sita kasoro dakika tano. Naandika kwa penseli, nimeegemea nguzo, ili nisiwatazame usoni. Barafu inalia juu lakini haianguki. Mjomba anauliza kwa sauti kama tutangoja hadi mtoto aanze shule. Mungu anisamehe, naiomba ianguke. Ianguke sasa hivi, wote waione!
Vondrouš katokea mlangoni na sahani ya kuvunjwa na maharusi kwa bahati njema. Anacheka. Anashuka ngazi, anakuja kwetu katikati ya njia, chini ya mlingoti, polepole, anawaonyesha ilivyo rahisi kupita –
Rudi, mjinga wewe! Rud