Sahani ya Maji Juu ya Mashine

Kilosa, Ijumaa

Sikwenda stesheni. Tangu tumzike mtoto nashinda kwenye kiwanda cha ushirika wetu, na leo asubuhi mke wangu Rehema alifunga mizigo. "Narudi kwa mama, Tabora," alisema. "Ukinifuata kabla treni haijaja, tutarudi nyumbani wote."

Ile mashine mpya inayochapa kanga yenyewe ilikuwa imeinama, rangi zinatoka nje ya mistari. Pimamaji imevunjika, kwa hiyo niliweka sahani ya maji juu ya meza yake, nikawa nakaza na kulegeza nati za miguu. Bado kidogo, nilijiambia. Bado kidogo tu.

Maji yakaanza kutetemeka. Treni.

Niliinuka na spana mkononi, nikasimama palepale kama mjinga.

Yalipotulia, yalikuwa sawa pande zote. Katibu wa ushirika akanipa mkono. "Hongera, ndugu fundi."